Udongo uliotoka kwenye trei za miche, mnautumia tena au mnamwaga?

mama_trei:
Habari zenu wakuu. Niko Morogoro, nina kabustani nyuma ya nyumba, nyanya, hoho, mchicha na sukuma, miche naotesha mwenyewe kwenye trei kwa kokopiti (unga wa maganda ya nazi) na mboji. Sasa nimebaki na ndoo mbili za huo udongo uliokwisha kutumika na kokopiti siku hizi bei inauma. Msimu uliopita nilisia nyanya kwenye udongo wa zamani, zikaota vizuri tu, halafu ndani ya siku tatu miche ikawa inanyong'onyea shingoni inalala chini kama imemwagiwa maji ya moto, trei nzima ikaisha. Niliumia sana maana mbegu ilikuwa chotara. Kosa ni la udongo au ni mimi?

mkulima_wa_jioni:
Pole sana dada. Hiyo ni kinyausi, vimelea vyake (kuna Pythium, kuna Rhizoctonia) vinabaki kwenye udongo na kwenye trei vikisubiri mche mwingine laini. Udongo wa trei iliyokufa usiurudishe kwenye miche hata kidogo. Ule ambao miche yake ilitoka na afya hauna shida, mimi nauchanganya na samadi iliyoiva naujazia kwenye viroba vya mchicha au kunde, mmea ukishakomaa kinyausi hakiusumbui sana. Ila kama ulikuwa wa nyanya usiupeleke kwenye hoho wala biringanya, hao ni ukoo mmoja na magonjwa yao wanaambukizana. Halafu maji dada, unamwagilia mara ngapi?

mama_trei:
Asubuhi na jioni kaka, na trei zipo chini ya mwembe.

mkulima_wa_jioni:
Hapo sasa. Kivuli kizito na udongo haukauki juu, kinyausi kinapenda hivyo hivyo. Mwagilia asubuhi, jioni gusa kwanza, ukiwa bado na unyevu acha.

bibi_wa_kitalu:
Wanangu msimwage kitu, udongo unapikwa. Sisi tunachukua pipa lililokatwa, maji kidogo chini, juu yake wavu, udongo ndani ya viroba unakaa juu ya wavu usiguse maji, unafunika na kuwasha moto. Katikati ya kiroba unachomeka kiazi mviringo, kiazi kikiiva na udongo umeiva. Upike kabla hujaweka samadi, ukipika pamoja na samadi mbichi mvuke wake na chumvi zake zinakuja kuunguza mizizi. Uache upoe kabisa, uanike juu ya turubai safi, sio chini kwenye ardhi, utaokota ugonjwa upya. Kama kuni shida, ulowanishe, ufunge kwenye nailoni inayopitisha mwanga, uweke kwenye jua kali wiki nne mpaka sita, usitumie nailoni nyeusi. Chakula kimeshaisha humo lakini, kwahiyo miche ikitoa majani ya kweli, yale yanayokuja baada ya yale mawili ya kwanza, uisaidie na mbolea ya maji nyepesi.

mama_trei:
Asante sana bibi, shikamoo. Na trei zenyewe?

bibi_wa_kitalu:
Marahaba mwanangu. Sugua kwa sabuni udongo wote utoke, halafu loweka dakika kumi kwenye jiki, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, suuza, anika juani. Wengi wanasafisha udongo wakasahau trei, na ugonjwa ulikuwa umejificha kwenye kona za vishimo.

mama_trei:
Pipa ninalo. Jumamosi napika ndoo moja, ile ya trei iliyokufa naipeleka kwenye migomba. Nitaleta mrejesho nikisia.