MREJESHO: Mtoto mwenye aleji ya karanga, Krismasi Marangu

Habari wapendwa, mwezi uliopita niliwaomba ushauri mwanangu mwenye aleji kali ya karanga ale nini Krismasi kwa bibi yake Marangu, asanteni sana, tumerudi Moshi mjini salama hajatoka hata kipele.

Kilichosaidia zaidi ni kumpigia mama mkwe mapema, nikamwambia mama, hata mwiko uliokoroga mchicha wa karanga ukiingia kwenye machalari yake (ndizi za kupikwa na nyama) unatosha kumdhuru na kuchemsha hakusaidii. Akatenga sufuria na mwiko, mtoto akawa anapakuliwa wa kwanza kabla wengine hawajachota. Mashangazi ndo walikuwa kazi, "aonje kidogo atazoea", mpaka baba yake akawaambia dada zangu hapana, hii inaziba koo. Kashata zililiwa nje halafu watoto wote wananawa kwa sabuni maana sanitaiza haitoi karanga mikononi.

Yule aliyesema vidonge vya aleji vinatosha, jamani hapana, vinapunguza muwasho tu, koo likibana ni sindano ya adrenalini aliyoandikiwa na daktari halafu hospitali haraka. Yetu ilikaa kwenye pochi yangu muda wote, na bibi nilimfundisha kuichoma.