Nimepewa nafasi ya Macbeth, mwongozaji anataka niwe katili tangu mwanzo. Ushauri wenu

KimaraMwisho (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Tuna kikundi chetu cha maigizo huku Kimara, tunafanya mazoezi jioni watu wakishatoka kazini. Safari hii tumechukua Macbeth ya Shakespeare, tafsiri ya Mushi ya mwaka 1968, na Macbeth mwenyewe ni mimi. Tanzia sijawahi kucheza. Nimezoea vichekesho na zile nafasi za baba mwenye nyumba anayedai kodi.

Shida ni mwongozaji. Anataka nikiingia tu jukwaani nikunje uso, sauti nzito, na kicheko cha kijambazi ili watu wajue huyu ni mbaya. Nimeusoma mchezo, huyo mtu simwoni. Ninayemwona ni askari katoka vitani na sifa zake, wachawi wanamwambia atakuwa mfalme, naye anashtuka kama mtu aliyefumaniwa. Mpaka Banquo, askari mwenzake, anamuuliza mbona unaogopa habari njema. Nikimweleza mwongozaji, jibu lake ni "wewe unasoma sana, cheza."

Halafu lile onyesho la karamu, mzimu wa Banquo unapokuja kukaa. Napiga kelele, wenzangu wanacheka. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Konda Mstaafu
Kumbe ni wewe unayeongea peke yako kwenye mwendokasi habari za kumuua mfalme! Endelea hivyo hivyo mkuu, asubuhi kupata siti ni kazi.

Bibi wa Magomeni
Mwanangu, mwongozaji wako kachukua Macbeth wa mwisho akamleta mwanzo. Nenda sehemu ya 1, onyesho la 7. Mfalme Duncan yuko ndani anakula chakula cha nyumba hiyo hiyo. Macbeth kaondoka mezani, kasimama peke yake, anajihesabia: huyu ni ndugu yangu, ni mfalme wangu, ni mgeni wangu ambaye mimi ndiye wa kumfungia mlango asidhurike, tena ni mtu mpole. Upande wa kuua anakuta sababu moja tu, tamaa yake ya kupanda. Mkewe anapomfuata anamwambia basi, jambo hili tuliache. Mtu aliyeshakuwa katili anahangaika hivyo?

Akishaua ndiyo utamu wenyewe. Anatoka na majambia yenye damu mkononi, kasahau kuyaacha kwa walinzi. Mkewe anamwambia ayarudishe, hataki, mama ndiye anayekwenda. Na katika yote hayo, kinachomsumbua ni kwamba aliwasikia watu wawili walioshtuka usingizini wakiomba dua, naye akashindwa kuitikia "Amina". Hapo usipaze sauti kabisa. Hiyo Amina ikukwame kooni kweli, ukumbi mzima uione inakwama.

Sasa angalia anavyobadilika. Kwa Banquo anakodi wauaji mwenyewe, mkewe hamwambii kitu. Akifika kwa mke na watoto wa Macduff, bwana anayempinga, hajiulizi hata swali moja, na mume mwenyewe kashakimbilia Uingereza, kuwaua hakumpi faida yoyote. Ukatili anaoutaka mwongozaji upo, ila uko huko mbele. Ukiumaliza siku ya kwanza, huko utakwenda na nini?

Mtoto wa Keko
Bibi shikamoo. Napinga kidogo. Ukimcheza mwenye hofu tu, watazamaji wetu watasema masikini, karogwa. Au watamtupia mke lawama zote, watu watoke ukumbini wakimsema mwanamke. Wale wachawi hakuna mahali walipomwambia aue. Walisema utakuwa mfalme, basi. Wazo la kuua lilimjia palepale njiani, hata barua kwa mkewe hajaandika. Nadhani mwongozaji anaogopa hilo, sema hajui kulieleza.

Bibi wa Magomeni
Marahaba mwanangu. Hapo sina ubishi. Nilisema aogope, sikusema awe mpole. Anayajua yote na bado anakwenda.

Msoma Tarehe
Nyongeza tu. Macbeth wa kweli alitawala Uskoti kuanzia 1040 hadi 1057, na Duncan alikufa vitani, si kitandani, wala hakuwa mzee. Shakespeare aliandika karibu na 1606, na mfalme aliyekuwa kitini, James, alitoka Uskoti akachukua Uingereza mwaka 1603. Ukoo wake ulijihesabu kuwa umetokana na Banquo. Ndiyo maana Banquo katoka msafi. Kwa hiyo usihangaike kumtafuta kwenye historia, utampata mtu mwingine kabisa.

Fundi Jukwaa
Karamu yako ina tatizo la kiti. Macbeth anatazama meza, anasema imejaa. Anaambiwa nafasi yako hii hapa. Anauliza, "Wapi?" Mzimu uwe umeshakaa kabla hujageuka, na hilo "Wapi?" uliza kawaida kabisa, mwenyeji anayetafuta pa kukaa. Halafu nyamaza. Ukiuona, anza kwa sauti ya chini, unamwambia yeye tu kwamba hawezi kukusingizia. Mzimu unaondoka na kurudi mara ya pili, kelele zako ziweke kwa hiyo ya pili.

Wenzako wanacheka kwa sababu wote wanakutazama wewe. Waambie wamtazame mke, ndiye anayehangaika kudanganya kwamba mume wake ana hali hiyo tangu ujana. Wageni wainamie sahani, ile aibu ya kuwa kwenye nyumba ya watu mambo yakaharibika. Hakuna atakayecheka.

KimaraMwisho
Asanteni sana. Na lile jambia Macbeth analoliona hewani kabla ya kumuua Duncan? Mwongozaji anataka tulitundike na mshipi wa kuvulia, kashanunua Feri.

Fundi Jukwaa
Asitundike! Macbeth anajaribu kulishika, halishikiki. Likining'inia kweli watu watatafuta mshipi uko wapi, na hayo mafeni ya ukumbini yatalizungusha. Likae machoni pako tu.

Mtoto wa Keko
Na usibishane naye mbele ya watu, mkuu. Mvute pembeni mmalize chai, umwombe jioni moja mcheze onyesho la 7 mara mbili: yake kwanza, halafu yako. Wengine wakae kwenye viti watazame.

KimaraMwisho
Mrejesho: tumefanya hivyo. Yake tulimaliza vizuri. Yangu, nilipofika kwenye ndugu yangu, mgeni wangu, dada anayeuza maji mlangoni akaacha kuhesabu chenji. Mwongozaji kaliona hilo. Kicheko cha kijambazi kimeondolewa, kukunja uso kumesogezwa mpaka baada ya Banquo kufa, na mshipi karudi nao Feri kujaribu kurudishiwa hela. Sasa dada anayecheza mke wangu ana maswali yake, anauliza kama anaweza kuleta hapa hapa.

Bibi wa Magomeni
Mwambie aje. Aanze na ile ya mke wa Macbeth kutembea usingizini, ndiyo inayowashinda wengi.