Kuchoma kwenye CD nyimbo nilizozinunua iTunes

Swali:
Ndugu wanajukwaa, ninaishi Uingereza, na kati ya mwaka 2005 na 2011 nilinunua nyimbo nyingi katika duka la iTunes. Risiti zake bado ninazo. Gari langu lina redio ya CD isiyo na tundu la USB, hivyo ningependa kuzichoma ili nizisikilize safarini. Zile za miaka ya mwisho niliweza kuzigeuza kuwa MP3 na kuzichoma, lakini za mwanzoni programu inakataa kabisa kuzigeuza. Je, kuna njia halali ya kuzichoma, ikiwa zote nimezilipia?

Jibu la kwanza:
Ndugu, njia ipo. Nyimbo zako za mwanzoni zimefungwa kwa kufuli la kidijitali la Apple liitwalo FairPlay, ambalo kampuni hiyo ilitangaza Januari 2009 kwamba inaliondoa katika muziki wake. Tazama mwisho wa jina la faili: lenye m4p limefungwa, na lenye m4a liko huru. Wimbo uliofungwa haugeuzwi kuwa MP3, lakini tangu mwanzo duka liliruhusu uchomwe kama CD ya sauti, yaani ile ya kawaida inayosomwa na redio yoyote ya CD. Kwa hiyo, unapochoma, chagua CD ya sauti badala ya CD ya MP3. Kwanza hakikisha kwamba kompyuta yako imeidhinishwa kwa akaunti ileile uliyonunulia, kwa kuwa akaunti moja huruhusiwa kompyuta tano tu. Orodha moja yenye nyimbo zilizofungwa huchomwa mara saba, kisha hukataa mpaka uibadilishe.

Jibu la pili:
Naongeza kuhusu sheria, maana wengi huichanganya. Uingereza iliruhusu nakala za matumizi binafsi kuanzia Oktoba 2014, lakini Mahakama Kuu ikabatilisha kanuni hiyo Julai 2015. Kwa hiyo, ruhusa unayoitegemea wewe inatoka katika masharti ya duka lenyewe, yanayokubali kuchoma kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Kuwauzia wengine nakala hizo ni jambo jingine kabisa, na ninasisitiza hivyo kwa sababu msanii ndiye anayepoteza jasho lake. Vilevile, nyimbo ulizopakua kwa malipo ya kila mwezi ya Apple Music hazichomwi, kwa kuwa hizo hukuzinunua.

Jibu la tatu:
Wapo watakaokushauri uchome nyimbo zilizofungwa kisha uzirudishe kwenye kompyuta kama MP3 ili kufuli litoke. Mimi sikushauri, kwani nyimbo hizo ziliuzwa zikiwa tayari zimebanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde, yaani sehemu ya sauti imeshapunguzwa ili faili liwe dogo, na kuzibana mara ya pili kunazidi kuharibu sauti, hasa matoazi na sauti nyembamba za fidla. CD ya sauti huchukua dakika 80 hivi, sawa na nyimbo 20 za dakika nne nne, kwa hiyo zigawe katika orodha kadhaa. Tumia CD-R, ile inayochomwa mara moja tu, badala ya CD-RW, inayoweza kufutwa na kuchomwa tena, kwa sababu redio nyingi za magari ya zamani hushindwa kuisoma hii ya pili, na upunguze kasi ya kuchoma iwapo CD ya kwanza itarukaruka.