Slomosheni inaruka na laptopu inagoma: naomba ushauri wa kuhariri klipu za fremu 120

kusi_paje
Habari za jioni wakuu. Wakubwa wote shikamooni.

Nipo Paje, Unguja. Msimu huu wa kusi nawarekodi wanafunzi wa kaiti (wanaoteleza majini juu ya ubao wakivutwa na tiara), kisha namtengenezea kila mmoja video fupi ya kuondoka nayo. Kamera ni ile ndogo ya kufunga kwenye kofia ngumu, 1080p, fremu 120 kwa sekunde, faili zake ni HEVC, ule mfumo wa kubana video. Nahariri kwa programu ya Shotcut. Laptopu ni i5 ya zamani, RAM GB 8, haina kadi ya michoro ya peke yake.

Shida ni mbili. Nikicheza klipu ndani ya programu picha inasimama, sauti inatangulia, feni inavuma, hata kukata nakata kwa kubahatisha. Halafu ile sekunde mtu anaponyanyuka majini nimeipunguza mwendo hadi asilimia 10, nayo haiwi laini. Tone la maji linatoka kwenye ubao, linaganda, mara liko kwingine. Ajabu ni kwamba klipu hiyohiyo simu inaicheza bila tatizo. Mgeni wangu anaondoka Ijumaa, nataka aende na kitu cha heshima.

renda_usiku
Mkuu, hiyo mashine imechoka. Tafuta yenye RAM 16 na kadi ya michoro, habari imeisha.

fundi_wa_makorora
Marahaba kijana. Usikimbilie dukani, kazi ya 1080p hiyo laptopu inaiweza ukiipangia vizuri.

Anza na hesabu. Fremu 120 ni picha 120 zilizopigwa ndani ya sekunde moja. Video yako ya mwisho ikiwa ya fremu 30, ukienda asilimia 25 ile sekunde inakuwa sekunde 4, na nafasi 120 zinajazwa na picha 120 halisi. Hapo ni laini kama mafuta. Ukienda asilimia 10 unataka sekunde 10, yaani nafasi 300, na picha ulizonazo ni zilezile 120. Programu inalazimika kurudia kila picha mara mbili au tatu, ndiyo maana tone linaganda. Kwa hiyo mwisho wako ni asilimia 25. Ukitaka taratibu zaidi, rekodi fremu 240 kama kamera inaruhusu, uende hadi asilimia 12.5. Ila fanya hivyo jua likiwa juu, maana kila picha inapata mwanga kwa muda usiozidi 1/240 ya sekunde, na jioni utavuna chengachenga.

Sasa angalia menyu ya Settings, kwenye Video Mode. Ikiwa Automatic, mradi unafuata klipu ya kwanza uliyoingiza, na mradi mzima unaweza kuwa wa fremu 120. Anzisha mradi mpya, chagua HD 1080p 30 kabla hujaingiza chochote, ndipo upunguze Speed iwe 0.25 kwenye Properties.

Kuhusu kukwama: HEVC haihifadhi kila picha nzima. Nyingi zinaandikwa kama mabadiliko tu kutoka picha za jirani, kwa hiyo ukirudi nyuma kidogo kompyuta inabidi ifungue mlolongo mzima upya. Simu yako ina sehemu maalumu kwenye chipu ya kufungua HEVC. I5 nyingi za zamani hazina, kazi yote inaangukia prosesa. Dawa ni proksi. Settings, Proxy, washa Use Proxy, iache itengeneze nakala nyepesi. Unakata kwa nakala, na wakati wa kutoa video programu inarudi kwenye faili za asili, ubora haupungui.

renda_usiku
Nakubali, proksi sikuifikiria. Niongeze: programu ya DaVinci Resolve ina Optical Flow, inabuni picha za katikati, asilimia 10 inawezekana.

fundi_wa_makorora
Inawezekana kwa mtu anayetembea mbele ya ukuta. Kwa maji yanayorushwa siishauri hata kidogo. Inabahatisha kila tone limeelekea wapi, na kingo za ubao zinayeyuka. Mgeni amelipia sura yake ikiwa hewani, mpe picha halisi.

kusi_paje
Ahsanteni sana. Nimeweka 1080p 30, proksi zimemaliza kutengenezwa, na sasa nakata pale goti linapokunjuka kabisa. Asilimia 25 imekuwa laini. Limebaki moja: klipu za jioni ndani ya mgahawa, taa zinapepesuka kwenye slomosheni.

mama_klipu_msa
Kakangu, huo ni umeme. Wetu huku Mombasa na wenu huko ni wa Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa mara mbili kwa kila mzunguko, mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila fremu 120 hazilingani nazo. Nenda kwenye mipangilio ya kamera, tafuta ile ya kuzuia kupepesa, toa 60 weka 50. Kamera nyingi zitakupa fremu 100 na 200 badala ya 120 na 240. Basi za ndani zifanye mradi wa fremu 25, asilimia ni ileile 25. Zile ulizokwisha kurekodi ziache kwenye mwendo wa kawaida, usizipunguze. Na ile sauti ya upepo iondoe kabisa kwenye sehemu za taratibu, weka muziki.