Zamani waliuliza kama ajua kushona, leo wauliza ana rangi gani: Mjadala

Mleta hoja, Kibokoni
Jamaa, nilikuwa na akina mama wanaomtafutia kijana mchumba. Hakuna aliyeuliza binti anajua kufanya nini. Swali la kwanza: "Mweupe?" La pili: "Amejaza?" Bibi zetu nao walikuwa wachunguzi, lakini walichunguza mkono. Ajua kusuka ukili wa mikeka? Kofia zake za vito, zile za kudarizi kwa mkono, zikoje? Kofia ile hushonwa mwezi na zaidi, tundu kwa tundu, na ikiuzwa mwanamke alikuwa na chake ndani ya nyumba. Leo pesa zatoka tu: krimu, kope, kucha, nyusi. Nasema tumembadilishia mzigo, na huu mpya ni ghali zaidi. Anayepinga aje.

Dada wa Kisauni
Napinga mimi. Nyanya yangu alishona kofia kwa kandili mpaka macho yakamtoka, na faida akala mwenye duka. Na nani kasema urembo hauingizi? Mimi napaka hina na kupamba maharusi. Harusi za Disemba na za baada ya Idi ndizo zinazowalipia wanangu karo. Mkeka haukumlipia mtu karo kwetu.

Baba wa Likoni
Wanaume hatuna habari na rangi. Mwatesana wenyewe.

Mleta hoja
Ami, basi ni nani anayeonyeshwa picha kwenye simu akasema "huyu mweusi sana"? Mama mtu?

Muuguzi, Tudor
Mwaizunguka hatari. Krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni zilipigwa marufuku Kenya tangu 1998, na mkorogo bado wauzwa kwa vikopo visivyo na lebo. Zebaki huharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha mabaka ya weusi wa samawati pale pale palipotafutwa weupe. Hayo mabaka hayatoki kirahisi. Na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi, ikichanganywa na rangi ya nywele yaweza kuunguza ngozi. Dada wa Kisauni, wewe wapaka ipi?

Dada wa Kisauni
Hina nasaga majani. Piko wateja wanaitaka nyeusi tititi, tena papo hapo. Najaribu kidogo mkononi siku mbili kabla, lakini nikikataa kabisa anakwenda kwa jirani yangu. Huo ndio ukweli wa kazi.

Bi wa Makadara
Wanangu, msitufanye sisi hatukupambwa. Tulisingwa kwa liwa, tukafukizwa udi, asumini kichwani. Lakini mwali alipambwa kwa harusi yake, ikisha akarudi kwenye ukili. Hawa wajukuu zangu wa sekondari wajipamba kila asubuhi kwa ajili ya simu. Hilo lanisikitisha. Ila mleta hoja nawe usitutie chumvi: kusuka hakukuwa hiari. Asiyejua aliitwa goigoi, na posa zikampita. Nilisuka nikilia. Mnaotaka ukili urudi, wafunzeni na wavulana, kwa kuwa vikapu na mikeka vingali vyanunuliwa.

Baba wa Likoni
Wavulana wasuke ukili, Bi?

Bi wa Makadara
Vidole vyao vina nini, baba? Na hiyo kofia unayokwenda nayo Ijumaa, wajua aliyeishona alilipwa ngapi?