Remiksi yangu ya muziki wa gemu bado inasikika kama midi tu, nifanyeje?

kinubi_kidogo:
Wakuu habari zenu. Mi ni mpenzi wa muziki wa magemu ya zamani, yaani kuna magemu sijawahi hata kuyamaliza lakini nyimbo zake nazijua zote kuanzia menyu mpaka bosi wa mwisho. Sasa nimeanza kujifunza kutengeneza remiksi, sio biashara, najifurahisha tu nikitoka kazini. Nachofanya ni hivi, natafuta faili la midi mtandaoni (lina noti tu za wimbo, sio sauti yenyewe), naliingiza kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, nabadilisha vyombo, naweka dramu nzito chini, naongeza riverbu (ule mvumo kama wa ukumbini), basi. Shida nikimaliza nikisikiliza naona ni wimbo uleule, umebadilishwa nguo tu.

Saa hii nahangaika na ule wa chini ya maji wa Donkey Kong Country ya SNES (mashine ya magemu ya Nintendo), ule wa David Wise wa mwaka 1994, na kila ninachoongeza naona nauharibu, wa kwenye gemu bado mtamu kuliko wangu na una vyombo vichache. Kwaiyo nauliza, midi niachane nayo? Kuna programu za bure zinazofaa? Na nikimaliza naweza kuipandisha YouTube au ndo najitafutia balaa la hakimiliki?

besi_pembetatu:
Mkuu umeanza na wimbo mgumu ila poa. Midi za mtandaoni nyingi zimeandikwa na mashabiki kwa kusikiliza kwa masikio, unakuta kodi za piano (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zimekosewa, noti zote zimebonyezwa kwa nguvu ileile, ukianza hapo unajenga juu ya makosa ya mtu usiyemjua. Tafuta faili la SPC la hilo gemu. SPC sio rekodi ya sauti, ni nakala ya kumbukumbu yote ya upande wa sauti wa SNES wakati wimbo unapiga, kilobaiti 64 tu, na humo mna sampuli (vipande vifupi vya sauti) za vyombo, noti, na programu ya kuzicheza. Vicheza SPC vingi vinakuruhusu kuzima chaneli, yaani njia za sauti, mojamoja. SNES ina chaneli 8, wewe zima 7 usikilize moja mpaka ikukae kichwani afu uhamie nyingine. Kitu ulichodhani ni chombo kimoja kizito utakuta ni chaneli mbili tatu zinapokezana.

Na kwa huo wa Wise ndo utapata jibu la kwanini unauharibu. Jamaa alikua anatafuta sauti inayobadilikabadilika kama ya sinti (kinanda cha elektroniki) ya Korg Wavestation, sasa utaiweka wapi kwenye kilobaiti 64, akawa anatumia visampuli vifupi sana anavipanga kimoja baada ya kingine ndani ya noti. Afu chipu ya sauti ya SNES yenyewe ina mwangwi wake wa ndani, na huo mwangwi unakula kumbukumbu hiyohiyo ya sampuli, yaani kila ukitaka mwangwi mrefu unanyang'anya vyombo nafasi. Kwaiyo ule ukungu unaousikia umepimwa kwa kijiko. Wewe ukija ukamwaga riverbu juu ya mwangwi unapata tope. Toa riverbu zote kwanza, anza pakavu.

Kwa Famicom, mashine ya Nintendo iliyotangulia SNES, ni hivyohivyo ila faili linaitwa NSF na chaneli ni 5: mbili za wimbi la mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele na moja ya sampuli. Pembetatu (jina langu limetoka hapo) haina udhibiti wa sauti kabisa, inawaka au inazima, ndo maana besi za magemu mengi ya Famicom zinatembea kwa nguvu moja mwanzo mwisho. Kodi ya noti tatu huwezi kuiweka kwenye chaneli moja, kwaiyo watunzi walizizungusha noti zile haraka haraka mpaka sikio linadanganyika, ile sauti ya kutetemeka tunayoipenda. Mwangwi nao hakuna, wanachukua mraba wa pili urudie alichosema wa kwanza kwa kuchelewa kidogo na kwa sauti ya chini.

Sasa ukishajua hayo jiulize kwa kila chaneli, hiki mtunzi alikitaka au alilazimishwa na mashine? Alicholazimishwa una uhuru nacho wote. Zile noti za kuzunguka mpe mtu wa gita azipige taratibu, besi ipe kupumua, chaneli ya mwangwi ifute kabisa au igeuze kuwa sauti ya pili inayojibu ya kwanza. Alichokitaka, yaani melodi na mwendo wa kodi, hapo kua na adabu kidogo.

Programu za bure: LMMS ukitaka kitu kama FL, FamiTracker ukitaka kuandika kwa ajili ya Famicom yenyewe, na Furnace ambayo ina chipu nyingi ndani hadi ile YM2612 ya Sega Mega Drive. Hata kama hutaki kutengeneza muziki wa chipu, andika wimbo mmoja tu kwa chaneli 5 uone akili inavyofunguka.

dada_oktavu:
Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu kusikiliza chaneli, ila tusimdanganye mwenzetu kwamba tatizo ni midi. Kuna watu wanaanza na midi hiyohiyo wanatoa kitu cha maana, na kuna watu wananukuu kila noti toka kwenye SPC wanatoa kitu kimekufa. Tatizo lake hajaamua huo wimbo uwe nini. Kubadilisha kinanda kuwa violini sio uamuzi.

Chukua mfano wa gemu la Super Mario World la 1990. Koji Kondo kachukua melodi moja, kaipeleka kwenye hatua za juu ya ardhi, kaipeleka chini ya ardhi ikawa nzito ya kuogopesha, kaipeleka majini ikawa wozi ya mapigo matatu, na ukimpanda Yoshi zinaongezeka ngoma. Ni melodi ileile, na wengi walicheza gemu lote bila kugundua. Huyo alikua anajiremiksi mwenyewe ndani ya gemu lake, na ukiangalia alichobadilisha ni mapigo, mwendo, kodi za chini na nani anaongoza, chombo ni kitu cha mwisho.

Kwaiyo zoezi: funga kompyuta. Imba melodi kwa mdomo. Iimbe taratibu kama bembelezi, iimbe kwa haraka, hamisha mapigo manne yawe matatu au sita, ichezee kwenye piano kwa kodi za huzuni kama asili yake ni furaha. Ukifika mahali unajikuta unasimama unasema ehe, hapo ndo remiksi yako ilipo, rudi kwenye kompyuta uitengeneze hiyo. Usipofika hapo wimbo huo sio wako, chukua mwingine, ziko nyingi.

Kingine ambacho wengi wanasahau, muziki wa gemu umetungwa kwa mtu ambaye mikono yake iko bize. Unazunguka kila dakika moja au mbili kwa sababu nafasi ni ndogo na hakuna anayejua mchezaji atakaa kwenye hatua hiyo muda gani. Anayesikiliza remiksi yako hana cha kufanya mkononi, ukimzungushia kitu kilekile mara nne ataondoka. Inabidi kuwe na sehemu ambayo haimo kwenye gemu, hata kama ni fupi, umeitunga wewe.

midi_haifi:
Nyie mnamtisha kijana wa watu 😂 mi remiksi zangu zote ni midi na vyombo vizuri na wasikilizaji ninao. Kuna raha yake kusikia wimbo wa utotoni umepigwa vilevile na okestra kamili bila kuguswa noti. Sio kila mtu anataka wozi.

dada_oktavu:
@midi_haifi hiyo inaitwa kava na mi nazipenda sana, sijasema ni dhambi. Ila yeye kauliza kwanini yake inasikika kama midi. Na hata hiyo okestra yako najua hukuiacha noti zikae na nguvu moja, umekaa usiku unapandisha unashusha kila violini.

midi_haifi:
Hapo umenishika.

kinubi_kidogo:
Aisee nimefanya ile ya kuzima chaneli, sikujua kabisa, kuna sauti nilikua naiona ni upepo kumbe ni noti inayopanda taratibu. Nimeondoa dramu zote nimebaki na melodi na besi na tayari imekua ya kwangu kidogo. Sasa la hakimiliki hamjanijibu, na je kuna maana gani kujichosha hivi kwa nyimbo ambazo sio zangu, shemeji yangu ananiuliza kila siku kwanini nisitunge zangu.

karani_wa_noti:
La hakimiliki nalijibu mimi maana nimelifuatilia. Wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Ukipiga noti zote mwenyewe bila kukata sauti toka kwenye gemu, umejitoa kwenye haki ya rekodi, lakini utunzi bado ni wa mtunzi au mara nyingi kampuni iliyomwajiri, na kusema "natoa bure" hakubadilishi hilo. Marekani sheria inakuruhusu kutoa kava ya sauti bila kubembeleza mwenye wimbo ilimradi umechukua leseni na kumlipa, ila hairuhusu kubadilisha melodi au tabia ya msingi ya wimbo, na ukiweka video hiyo leseni haikufikii. Kwaiyo kisheria remiksi ya dada_oktavu ndo iko pabaya kuliko kava ya midi_haifi, kichekesho.

Kwenye YouTube tofautisha vitu viwili. Dai la Content ID maana yake mfumo umetambua wimbo, mara nyingi matangazo yanawekwa na hela zinaenda kwa mwenye haki, chaneli yako haidhuriki. Onyo la hakimiliki ndo kesi nyingine, video inaondolewa na ukirundika matatu chaneli inaweza kufungwa. Kampuni zinatofautiana kwa ukali na zinabadilika, kwaiyo soma sera ya kampuni yenye gemu kabla hujapandisha, na hela usiweke kwenye hesabu zako.

Kuhusu shemeji: mwambie kuna tovuti inaitwa OverClocked ReMix, wako tangu 1999, wanapokea remiksi za mashabiki, kuna jopo linachuja, zikipita zinapakuliwa bure. Mwaka 2008 kampuni ya Capcom walipotoa upya gemu lao la Street Fighter II kwa picha kali, Super Street Fighter II Turbo HD Remix, muziki wake waliwapa watu hao wa OverClocked ReMix, mashabiki kabisa. Sonic Mania ya 2017 muziki wake ni wa Tee Lopes, aliyejulikana kwanza kwa kupandisha matoleo yake ya nyimbo za Sonic YouTube. Toby Fox aliyetengeneza gemu la Undertale naye kabla ya hapo alikua anachezea gemu la EarthBound, anaitengenezea toleo lake na muziki wake. Sisemi na wewe utaajiriwa kesho, wengi wetu hatutaajiriwa na wala hatutaki, ila kutunga na kupanga upya ni kazi zinazolishana.

Na kama shemeji anajua Baba Yetu, ule wimbo wa Christopher Tin uliotoka kwenye gemu la Civilization IV la 2005 halafu akauweka kwenye albamu yake, mwambie Grammy waliyoupa 2011, ya kwanza kwa muziki wa gemu, ilikua kwenye kundi la upangaji wa muziki. Upangaji ndo hiki unachojifunza.

kinubi_kidogo:
Baba Yetu anaujua na aliimba kwaya, hilo litamnyamazisha wiki nzima. La mwisho wakuu, wimbo wenyewe kwenye gemu hauna mwisho, unazunguka tu. Nimalizie vipi? Naona wengi wanashusha sauti taratibu mpaka inaisha.

besi_pembetatu:
Kushusha sauti ni kukimbia. Njia rahisi: tafuta kodi ya mwisho kabla haijazunguka, ile inayokuvuta urudi mwanzo, usiifuate. Ipeleke kodi ya nyumbani, ile ambayo wimbo unatulia, uishikilie, vyombo vitoke kimoja kimoja. Kwa huo wa Wise ningebaki na ile noti yako inayopanda, ipande mara moja zaidi bila kitu chini yake, ikate.

dada_oktavu:
Au ikate katikati ya melodi, kama mtu kabonyeza kitufe cha kusimamisha gemu. Jaribu zote mbili utuwekee hapa tusikilize, na safari hii usiweke riverbu kwenye besi tafadhali.