Naomba ushauri: wanafunzi wa kipaimara walio shule za bweni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Usharika wetu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) unafundisha kipaimara, yaani mafundisho ya kumwandaa kijana kushiriki Chakula cha Bwana, kwa miaka 2, kila Jumamosi saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Wanafunzi ni 46, lakini 17 wako bweni na tunawapata likizo ya Juni na Desemba tu.

Tunawafundisha kwa mkupuo, wiki 2 mfululizo. Amri Kumi wanazikariri vizuri, hata jibu la swali linalofuata kila amri, "Maana yake ni nini?", ila ukigeuza swali kidogo wanakwama. Kinachoumia zaidi ni Ubatizo na Chakula cha Bwana: viko nyuma katika Katekisimu Ndogo (kitabu cha Martin Luther cha mafundisho ya msingi), na tukivifikia likizo imekwisha. Mtoto anakaribia Meza ya Bwana bila kujua anapokea nini, na hilo linanisumbua sana.

Nafikiria Juni tuanze na Sakramenti hizo mbili, Desemba ndipo tufundishe Amri, Imani na Sala ya Bwana. Katikati, kila mwanafunzi awe na daftari la maswali 10 kwa mwezi. Mzazi alichukue siku ya kutembelea shule, mzee wa kanisa wa jumuiya yake alikague. Hofu yangu ni kunakiliana majibu, kwa hiyo labda maswali yadai mfano wa maisha ya shuleni.

Walimu wenye uzoefu, kugeuza mpangilio hivi kuna madhara? Na je, ni sahihi kumwachia mlezi wa UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo shuleni) somo hili, au mchungaji wetu amwandikie barua mchungaji wa usharika ulio karibu na shule?